Pua ya Idarous

Kuna watu wanaoajiriwa kwa nguvu za mikono yao, na wengine kwa karatasi za chuo. Idarous aliajiriwa kwa pua. Simcheki. Kwa miaka thelathini na sita pua hiyo ndiyo iliyomlipia kodi ya nyumba Majengo, Thika, ikamsomesha bintiye Safaa na kumwoza. Ukikutana naye Ijumaa akitoka msikitini, mrefu, mwembamba, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, usingejua kwamba huyo ndiye aliyekuwa akiamua kahawa ya nani iitwe bora na ya nani iitwe ya kawaida.

Alizaliwa hapohapo Majengo. Babu yake aliletwa na safari za kikoloni kutoka mahali ambapo jamaa hawakubaliani hadi leo, na nyanya yake alikuwa Mkamba aliyesilimu. Mwenyewe akiulizwa kabila hujibu, "Mimi mtu wa Thika," na mazungumzo yakaishia hapo. Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja alichukuliwa kazi ya kufagia makapi katika kinu kidogo cha kahawa nje ya mji. Mwenye kinu alikuwa Singasinga aitwaye Balwant, mtu wa maneno machache ambaye kila asubuhi alionja kahawa za wakulima mwenyewe.

Siku moja Idarous alikuwa akipita na ufagio wake, akasimama kando ya gunia. "Hili lililala na mafuta ya taa," akasema. Balwant akacheka. Kwa ubishi tu wakazikaanga punje chache, wakazisaga, wakaonja. Mafuta ya taa yalikuwa pale, kwa mbali, lakini yapo. Kuanzia wiki iliyofuata ufagio ulipewa mtu mwingine.

Balwant alikuwa na maelezo yake kuhusu kipaji hicho. "Wewe kila siku mara tano naosha pua," alimwambia, akimaanisha udhu, ambapo Mwislamu huvuta maji puani na kuyatoa kabla ya sala. "Mimi nina watu arobaini hapa. Hakuna moja naosha pua hata siku ya Krismasi." Idarous aliipenda hadithi hiyo. Aliisimulia harusini na matangani, na kila alipoisimulia aliigusa pua yake kidogo kwa kidole, jambo lililomuudhi mkewe Zahra, kwa kuwa aliona ni majivuno.

Kazi yenyewe ni hivi. Vikombe vinapangwa kwenye meza ya duara. Kila kikombe kina kahawa iliyosagwa ya mkulima mmoja, na maji moto yanamiminwa juu yake mpaka inafanya ukoko. Mwonjaji anainama, pua karibu iguse ukoko, anauvunja kwa kijiko na kuvuta pumzi. Baadaye anafyonza kijiko kwa kelele ambayo ingemfanya mama yako akuzabe kofi, anaizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anakwenda kikombe kinachofuata. Ulimi unajua mambo machache: uchachu, utamu, uchungu, chumvi. Yaliyobaki yote ni ya pua. Mwishoni kahawa hupewa alama kwa mia moja.

Na chumba hicho kilikuwa na desturi, aliyoiweka Balwant tangu siku za nyuma: mkubwa hutaja alama yake kwanza. Wengine wanafuata, na kwa heshima hawaendi mbali na namba ya mkubwa. Balwant alipozeeka na kuanza kuja Jumanne tu, mkubwa akawa Idarous.

Pua ilianza kuziba mwezi wa Novemba. Alidhani ni mafua ya mvua. Mafua yakaisha, kuziba kukabaki, na uzito ukamkaa nyuma ya macho na kwenye mashavu, akiinama kufunga viatu anaona nyota. Siku moja alikuwa ameketi jikoni akisoma gazeti huku maharage yakiungua hatua mbili kutoka kwake. Zahra aliingia mbio kutoka uani, akaipua sufuria na kufungua dirisha, kisha akasimama akimwangalia mumewe kupitia moshi.

"Baba Safaa, hukusikia harufu?"

"Nilikuwa nasoma."

"Jirani wa tatu amesikia. Wewe hukusikia?"

Idarous akalikunja gazeti. Zahra alikaa kwenye kigoda, mwiko ungali mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akaiogopea ile pua aliyokuwa akiikejeli.

Daktari wa pua na koo alimmulika, akampiga picha, akamwambia ni sainasi. Miaka thelathini na sita ya vumbi la makapi imevimbisha njia za ndani, na vinyama vidogo vimeanza kuota. Idarous alijitetea kama mtu aliyeshtakiwa. "Daktari, mimi naosha pua mara tano kwa siku."

"Hiyo ni ya mlangoni, Mzee," daktari akamjibu. "Hii nataka ifike mpaka chumba cha ndani."

Akamwelekeza. Maji yachemshwe, yasiwe ya mfereji hivyohivyo, yaachwe yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi safi kwa bilauri moja. Asubuhi na jioni. Akampa na dawa ya kupuliza. Idarous aliuliza swali moja tu, kama harufu itarudi, na daktari hakumdanganya: kwa wengi hurudi baada ya wiki sita hivi, kwa wengine hairudi. "Na kazini waambie," akaongeza. "Kaa mbali na vumbi mpaka tuone."

Idarous alifuata maagizo yote isipokuwa hilo la mwisho.

Zahra alimtolea buli dogo la kauri, moja ya zawadi za harusi yao ambalo halikuwahi kutumika kwa kuwa lilitosha kikombe kimoja tu. Asubuhi ya kwanza aliharakisha, akatia chumvi pungufu, na maji yakamchoma mpaka kwenye paji la uso, akadhani anazama. Alikohoa, akapiga chafya, akalaani. Zahra, aliyemshikia taulo mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini. "Nusu kijiko, bwana, si punje tatu!" Kesho yake akapima mwenyewe. Idarous aliinama juu ya karai, kichwa amekilaza upande mmoja, mdomo wazi akipumua kwa huo mdomo kama alivyofundishwa, akamimina kwa tundu la juu. Maji yakazunguka huko ndani na kutokea tundu la pili, mazito, ya rangi ya kijivu, yenye vipande alivyoona aibu kuviangalia. Uzito wa machoni ulipungua siku ile ile. Akavuta hewa, ikapita. Lakini ilikuwa hewa tupu. Zahra alimletea iliki iliyotwangwa kwenye kiganja, akanusa, akatikisa kichwa. Walirudia hivyo kila asubuhi, yeye na karai lake na mkewe na kiganja cha iliki, na kila asubuhi akatikisa kichwa, na baada ya siku nane Zahra akaacha kuleta iliki kwa sababu hakuweza tena kuutazama uso ule.

"Mwambie Balwant," alimsihi. "Mtu akivunjika mkono si anasema?"

"Mkono si pua."

"Kwa nini si pua?"

"Mkono ukivunjika unabaki wewe," alisema Idarous.

Kwa hiyo alikwenda kazini na kuonja kwa ujanja. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe alikuja kulisema wazi. Aliangalia rangi ya punje. Aliutegemea ulimi. Alikumbuka shamba gani lilipata nini mwaka jana na mwaka juzi. Na alimchungulia Cindy, mwonjaji mwenzake, mwanamke wa miaka thelathini anayeishi mtaa wa Kahawa Wendani, mwenye diploma ya mambo ya vyakula na pua safi. Cindy akiinua nyusi, Idarous anapandisha alama. Cindy akikunja mdomo, anashusha. Desturi ilikuwa mkubwa atangulie kutaja, na mkubwa alikuwa akiibia kwa mdogo.

Ilikuwa Januari, wiki ya pili ya maji ya chumvi, Ngendo alipoleta kahawa yake. Ngendo ni mjane wa Mugutha, upande wa Ruiru, miaka sitini na sita, mwenye ekari mbili za mikahawa aliyoipanda na marehemu mumewe. Watu humwita Mama Mwas, kwa mwanawe mkubwa. Kila mwaka huja mwenyewe na mzigo wake, hamtumi mtu, na mwaka huo alikuja amekonda na macho yanang'aa.

"Mzee Idarous, leo utanisikiza vizuri," alisema, akamvuta kando ya mizani. "Hii miti inataka kung'olewa."

Akamweleza. Pande zote za shamba lake sasa ni ploti na vyumba vya kupangisha, kuta za mawe mpaka kwenye ua wake. Mwas na mdogo wake wamekuja na mchoro wa vyumba ishirini na vinne. Hawakuwa watoto wabaya, alisema. Walichoka kumwona akichuma kahawa kwa mgongo uliopinda huku ikiitwa ya kawaida kila mwaka. Wakapatana. Ikifika themanini na tano mwaka huu, kahawa ni kahawa ya maana, wataiacha mpaka atakapozikwa. Isipofika, trekta linakuja baada ya mavuno na yeye hatasema neno.

"Nimechuma mwenyewe," alisema Ngendo. "Mara sita nimerudi kwa kila mti, nachukua ile nyekundu tu, ile imeiva kabisa. Saa sita jua likikuwa kali nafunika na leso zangu. Majirani walikuwa wananicheka, ati naanikia kahawa nguo. Ngai! Wewe onja tu. Mimi sikuombi unipendelee. Sema vile iko."

"Nitasema vile iko," Idarous akamwahidi.

Unaweza kumwuliza, kama Zahra alivyomwuliza baadaye, kwa nini hakusema palepale: Mama Mwas, pua yangu imekufa, hii itaonjwa na Cindy. Maneno hayafiki kumi na mbili. Lakini mama huyu alikuwa amemwangalia kama mtu anayeangalia hakimu mwenye haki, na yeye alikuwa na miaka hamsini na saba, na hakujua kazi nyingine.

Waliionja Alhamisi. Idarous aliinama kwenye kikombe cha Ngendo, akauvunja ukoko, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Mvuke ulimpanda usoni, moto, bila habari yoyote. Akafyonza. Ulimi ukamwambia uchachu, mkali, mkali kuliko miaka iliyopita. Hapo akatishika, kwa sababu uchachu wa namna ile una maana mbili: kahawa nzuri sana, au kahawa iliyochachuka ilipolowekwa kupita kiasi. Pua ingemwambia mara moja ni ipi. Akamchungulia Cindy. Cindy alikwenda kwenye kikombe kile, akakiacha, akakirudia. Na hilo pia lina maana mbili, kwa kuwa mwonjaji hurudia kikombe kinachomshangaza na hurudia kikombe anachokishuku. Uso wake ulikuwa umeinama, nywele zimeuziba.

Akawaza. Nikisema themanini na tano nami sijasikia kitu, nitakuwa nimempa uongo, na mnunuzi akionja tutaumbuka sote. Nikisema sabini na tano nitamwua bure. Waonjaji wana kimbilio lao pale wasipokuwa na hakika: namba ya mwaka jana. Haimtukuzi mtu, haimwangushi. Idarous aliwahi kuwafundisha wengine kimbilio hilo, akaliita tahadhari.

"Themanini na moja," alitaja.

Cindy aliinua kichwa. Akaangalia karatasi yake muda mfupi, akaandika. "Themanini na mbili, Mzee."

Alimtumia Ngendo ujumbe mwenyewe, kwa simu yake. *Mama Mwas, imepata themanini na moja. Pole.* Jibu lilikuja baada ya saa nzima. *Asante Mzee kwa kusema ukweli. Mungu ni mwema.*

Jioni ile alimimina maji ya chumvi puani na machozi yakatoka pamoja nayo, na Zahra hakuweza kujua ni yapi ni yapi.

Wiki zikapita. Aliosha asubuhi, akaosha jioni, si kwa matumaini tena, ila kwa kuwa kichwa hakikumuuma akiosha. Kisha, mwishoni mwa Februari, siku ya Jumatano, alikuwa anatawadha kwa sala ya alfajiri na kitu kikamgusa. Hakukijua. Akakaa ameshika kopo la maji, anavuta pumzi taratibu kama mtu anayeogopa kukishtua. Ilikuwa sabuni. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, iliyokuwa kwenye kisahani ukutani. Akanusa kiganja chake, akanusa taulo, akaingia chumbani na kuinamia kichwa cha mkewe aliyelala, akasikia mafuta ya nazi na moshi wa mkaa na yeye Zahra mwenyewe.

"Nini?" Zahra akashtuka.

"Umepaka mafuta ya nazi."

Zahra aliketi kitandani akalia kwa sauti. Idarous naye akalia. Walifurahi asubuhi ile, furaha kamili, na mimi nafurahi kwamba waliipata, kwa sababu ilidumu kama saa nne.

Kinu huhifadhi kidogo cha kila kahawa kwenye makopo, rafu nzima, kwa ajili ya kuthibitisha kukitokea ubishi. Idarous alifika mapema, akayateremsha makopo yote ya Januari. Hakuna aliyemtuma. Alitaka kujua alikosea wapi. Akakaanga kidogo kidogo, akasaga, akapanga vikombe ishirini na vitatu, akaanza kuzunguka meza peke yake. Alama moja juu hapa, moja na nusu chini pale. Alianza kupumua kwa nafuu. Hakika, akajiambia, ujanja wangu haukuwa mbaya sana.

Kisha akauvunja ukoko wa kikombe cha Ngendo.

Alisimama wima. Akaweka kijiko mezani. Akainama tena. Kulikuwa na zabibu nyeusi mle, na ganda la chungwa linalominywa, na chini yake sukari nguru, na vyote vilikuwa safi, havina doa, havikuchachuka hata chembe. Alifyonza, na ule uchachu uliomtisha Januari ukakaa mahali pake katikati ya vitu vingine, nao ukawa ndio uzuri wenyewe. Katika miaka thelathini na sita alikuwa ameonja kahawa za namna ile mara nne au tano. Aliandika namba kwenye karatasi, akaifunika kwa mkono. Cindy alipoingia na mkoba wake begani alimkuta hivyo.

"Sasa Mzee. Mbona mapema hivi?"

"Kahawa ya Mama Mwas," alisema Idarous. "Siku ile. Wewe uliandika ngapi kabla sijataja?"

Cindy aliuweka mkoba chini polepole. "Mzee, hiyo imepita."

"Ngapi?"

"Eighty-nine."

Idarous aliondoa mkono juu ya karatasi. Palikuwa na themanini na tisa.

"Nilifuta uliposema themanini na moja," Cindy akasema. "Nikadhani ni mimi nimechanganyikiwa. Nilirudi kwa kile kikombe mara mbili, manze ilikuwa tamu mpaka nikaogopa. Halafu ukataja. Sasa mimi ningekubishia aje? Wewe si ni Idarous?"

Hakumlaumu. Alimwambia kila kitu, habari ya sainasi, maji ya chumvi, na jinsi alivyokuwa akimchungulia usoni. Cindy alisikiliza mkono mdomoni. Idarous alipomaliza, alimpigia Ngendo simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Akamwendea Balwant nyumbani kwake, ingawa haikuwa Jumanne, akamkuta varandani amefunikwa miguu kwa shali, akamwambia yote akiwa amesimama.

Balwant alivuta shali mpaka magotini. "Kwa nini hukuambia mimi?"

"Niliogopa, Bwana."

"Mimi pia nakosea," Balwant akasema. "Mimi naweka ile desturi. Mkubwa kwanza, mkubwa kwanza." Akaomba kalamu. Wakaandika karatasi mpya ya alama, akatia sahihi. "Peleka mwenyewe," alisema. "Leo."

Alifika Mugutha saa tisa alasiri. Boda ilimshusha langoni na kabla hajalipa alikuwa amekwisha kujua. Pua ilimwambia. Udongo mbichi uliofukuliwa una harufu nzito, na harufu hiyo ilikuwa imejaa njia nzima. Akasukuma lango hata hivyo.

Ekari mbili zilikuwa wazi, nyekundu, zimekwisha kunyooshwa, na vigingi vyenye kamba ya manjano vimeshapigwa. Mikahawa ilikuwa imelundikwa kando ya ua, mizizi juu, baadhi bado na majani. Ngendo alikuwa ameketi kwenye kisiki na panga, anakata matawi ya kuni, na alipomwona mgeni alijifuta mikono kwa leso na kuinuka.

"Haiya, Mzee Idarous! Umepotelea wapi mpaka ukaonekana huku?"

"Walikuja lini?"

"Jumamosi. Kazi ya siku moja tu. Miaka arobaini na moja, trekta linamaliza kabla ya chai ya saa kumi." Alisema bila uchungu, kama mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso. "Simu yangu iliingia maji. Ulikuwa unanitafuta?"

Idarous alikuwa amejipangia maneno njiani. Yalimtoka bila mpangilio. Kwamba siku ile pua yake ilikuwa imeziba, kwamba aliijua imeziba, kwamba alitaja namba ya mwaka jana kwa kuogopa kusema kuwa hajui. Kwamba leo asubuhi ameionja akiwa mzima. Akatoa karatasi mfukoni akampa kwa mikono miwili.

Ngendo hakuwa na miwani. Aliishika mbali na uso. "Nisomee."

"Themanini na tisa."

"Themanini na tisa," alirudia. Akageuka akaliangalia lundo. Akarudia tena, polepole, kama anaijaribu mdomoni. "Hiyo ni yangu?"

"Ni yako. Nisamehe, Mama Mwas. Nimekuja uniambie lolote. Nitasimama mbele ya wanao niwaambie kwamba ni mimi."

Alikaa tena kwenye kisiki. Hakulia, hakumtukana, ingawa Idarous alikuwa akiomba moyoni atukanwe. Aliuliza, "Ilikuwa inanukia nini?"

Akamwambia. Zabibu, ganda la chungwa, sukari nguru. Alimwambia jinsi vilivyofuatana, kipi kilitangulia na kipi kilibaki nyuma ya ulimi. Ngendo alisikiliza ameinamisha kichwa, akitabasamu kidogo mahali fulani. Alimwambia kwamba yeye hajawahi kuinywa kahawa yake, nyumbani kwao ni chai tu. Kisha akaikunja karatasi mara nne na kuitia ndani ya leso, kiunoni.

"Mwas asijue," alisema.

"Mama Mwas..."

"Asijue. Wewe ulikuja kujitua mzigo, nimeona. Lakini ukimwambia, ataubeba yeye. Yule mtoto alilia siku ile ya trekta, alienda nyuma ya choo nisimwone. Saa hii anaamini alifanya kitu ya haki. Ukimwambia ilikuwa themanini na tisa, atalala aje kwa hizo nyumba?" Akachukua panga lake. "Namba ni ile ya kwanza. Mimi na wewe tutakaa na hii ingine."

Idarous alitaka kujibu, lakini lango lilifunguliwa na Mwas akaingia, kijana wa miaka thelathini na kitu, buti zimejaa udongo, mkanda wa kupimia mkononi. Alimtambua mgeni, akaja moja kwa moja na mkono umenyooshwa.

"Mzee Idarous! Karibu sana," alisema. "Kusema kweli nilikuwa nataka kuja Thika nikushukuru. Mtu mwingine angemwonea mama huruma, ampatie tumaini ya bure. Wewe ulisema ukweli."

Ngendo hakuinua macho. Aliendelea kukata tawi lililokuwa mbele yake.

Idarous aliupokea ule mkono. Ulikuwa wa moto, na ulinuka udongo wa shamba la Ngendo.

"Ndiyo kazi yetu," alisema.